Mkono Mmoja wa Koti

Jumatatu, 7 Julai 2025
Germana kaenda kwao Oldeani, kule mlimani. Mimba ya miezi saba, na chai ya huku bondeni haikai tumboni. Kisima chetu kina chumvi, hata mbuzi wananusa maji yake kwanza. Kasema atarudi siku nitakapompa maji yasiyo na chumvi. Nyumba imepooza. Jirani Silvanus, mwenye fuso, lori la kubebea vitunguu, kajitolea kuniletea madumu ya maji kutoka hukohuko Oldeani. Nimekataa! Mke wangu anyweshwe na Silvanus? Nitayatengeneza mwenyewe.

Jumatano, 9 Julai
Nimeona kwenye simu. Jua linapasha maji ya chumvi, mvuke unapenya kitambaa maalumu, chumvi inabaki. Mvuke ukipoa, maji safi hayo! Shida ni kitambaa. Kipitishe mvuke, kizuie maji. Nimewaza mchana kutwa. Kisha nikaliona ukutani koti la Germana, alilopewa na mtalii alipokuwa mpishi kambini Ngorongoro. Mtalii alimwambia mvua haiingii, jasho linatoka. Wilibrodi, una akili wewe! Nimekata mkono mmoja tu. Mwingine atavaa.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeufua kwanza kwa sabuni ya unga, mama mkwe asije akasema mjukuu wake ananyweshwa jasho. Nikatoa kitako cha beseni jeusi, nikaziba kwa ule mkono. Maji ya chumvi ndani, kioo juu, sufuria chini. Yakapita yote, na chumvi yake! Kumbe sabuni imekiharibu kitambaa. Silvanus akachungulia uani, akauliza nafua au napika. Nimekata mgongo wa koti. Huu sifui.

Jumapili, 13 Julai
Yanadondoka! Tone kwa tone, hadi jioni kikombe kimejaa. Nimeonja kidogo kwa ulimi. Hamna chumvi. Nimelia, na sioni aibu. Hiki ni cha Germana, mimi sikigusi tena.

Jumatatu, 14 Julai
Fuso limesimama mlangoni. Germana kashuka, tumbo mbele. Kafuata koti, kwao baridi haivumiliki. Nyuma yake Silvanus anashusha madumu. Nilikosa pa kuweka uso. Nikamwonyesha mke wangu beseni. Akainama, akagusa kitambaa cha koti lake. Nikampa kikombe. Akanywa chote, taratibu, mkono tumboni.
"Wili, lile koti nililipenda sana," akasema.
Nikasema najua.
"Sasa Oldeani nitarudi nimevaa nini? Nitabaki tu."
Chai tumepika kwa maji ya Silvanus. Imekaa tumboni. Pole yangu.

Jumanne, 15 Julai
Germana kalala mchana huu, anakoroma kidogo. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivi. Silvanus kasema ataleta maji kila wiki. Nimemwambia asijisumbue. Kikombe kimoja hakitoshi, kweli, ila ni suala la kitambaa tu. Jumamosi baba mkwe anakuja kumwona binti yake. Ana koti jipya la mvua, linafika magotini. Mkasi nimeshaunoa.