Pa Kula na pa Kuona Butembo

Jumatatu, 4 Juni 2001

Nimepata kazi. Hakuna aliyenipa, nimeiona mwenyewe.

Tangu vita ifunge barabara ya Kanyabayonga, duka langu la vitenge limebaki na rafu na mimi. Wageni hata hivyo wanazidi kufika: watu wa misaada, mapadri, watu wa kahawa. Wakishafika, barabara inaharibika nyuma yao. Wanakwama. Wanakaa wakila biskuti na kutazama ukungu. Hakuna anayewaambia wale wapi, waone nini. Donc: mimi, Kambere Zorobabel, guide touristique. Wa kwanza Butembo. Labda wa kwanza tangu vita ianze.

Nimemweleza mke wangu Kavuo. Alikuwa anachambua maharage. Akauliza kama nimesikia risasi za jana, upande wa barabara ya Beni. Nikasema nimezisikia. Akarudi kwenye maharage.

Jumanne, 5 Juni

Mgeni yupo. Aruna amemleta kutoka Beni kwa jeep yake. Aruna ni msafirishaji. Zamani tulifanya biashara pamoja, hadi yake ilipoanza kwenda vizuri.

Mgeni anaitwa Monsieur Hernán. Mtu wa Colombia, fundi wa magonjwa ya kahawa, amealikwa na paroisse, parokia yetu. Masharubu makubwa, Kifaransa cha kukwaruza. Anangoja njia itulie aende kwa wakulima wa Lubero.

Aruna amemwambia, mbele yangu, kwamba Butembo hakuna cha kuona ila baridi. Eti angebaki Beni kwenye joto, kwa shemeji wa huyo Aruna anayechoma mishikaki. Nikasema Butembo kuna mengi. Mgeni akauliza, kama nini? Nikasema nitamwonyesha Jumamosi. Moyo ulinidunda hadi nikaona kifungo cha shati kikicheza.

Kama nini?

Alhamisi, 7 Juni

Nimezunguka mji mzima jana na leo. Shida ya kuishi mahali tangu kuzaliwa ni kwamba hupaoni. Kanisa kubwa nimeliacha: mgeni analala nyuma yake, atakuwa ameliona. Soko lina matope. Mwishowe nimepata. Daraja la mto Kimemi. Mnara wa antena. Halafu kilima cha mikaratusi juu ya mji, ambako daraja, antena na uwanja mdogo wa ndege vinaonekana vyote kwa pamoja. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili.

Sasa kula. Kavuo ana malewa yake sokoni, kibanda cha chakula chenye benchi chache chini ya turubai. Anapika bugali, sombe ya majani ya muhogo, maharage, na simbilisi wa kuchoma anaowafuga mwenyewe. Siwezi kumpa mtu wa Colombia simbilisi. Atafikiri tunakula panya. Nitampikia palepale spaghetti na sardini ya kopo, vitu vya hotelini. Nimemwomba Kavuo awafunike simbilisi kwa gunia kesho, mgeni akiwa pale. Akaniuliza wamemkosea nani.

Ijumaa, 8 Juni

Maafa. Spaghetti nimeipika mwenyewe. Imegeuka uji. Monsieur Hernán alikula kwa heshima, kijiko baada ya kijiko, kama anayekunywa dawa. Hapo simbilisi mmoja akatoka chini ya gunia na kupita katikati ya miguu yetu. Nikasema ni sungura mgonjwa.

Mgeni akainama, akamshika, akampima uzito kiganjani kama mtu anayejua. Akauliza kama kweli tunawala. Nikakana. Kavuo akasema ndiyo. Mgeni akasema kwao, mji mdogo milimani, huyu ni chakula cha harusi, na hajamla tangu aondoke nyumbani. Macho yake yalilowa. Kavuo akachoma.

Wakaongea mchana wote, yeye kwa Kifaransa, mke wangu kwa Kiswahili, juu ya chumvi na namna ya kukausha ngozi. Walielewana kuliko ninavyoelewana na yeyote kati yao. Mgeni alisema kwao pia kuna vita. Jioni watu hukaa barazani mbele ya kanisa, wanakula mahindi, huku wamekaza masikio kuelekea mlimani. Kavuo akasema ni vilevile hapa.

Wapita njia walimwona mzungu anakula simbilisi, benchi zikajaa. Hata Aruna alikuja, akala sahani mbili za maharage na kumsifu mpishi. Mimi hakuna aliyenisifu. Mpango ulikuwa wangu na umefaulu bila mimi. Mais kesho ni pa kuona. Hapo hakuna Kavuo, hakuna Aruna.

Jumapili, 10 Juni

Jana sikuandika. Sikuwa na kalamu. Wala mkanda, wala viatu.

Tulianza darajani. Nilieleza lilivyojengwa. Mgeni alikuwa anaangalia viatu vyake. Kwenye antena, viatu tena. Nikadhani vinambana. Nikamvuta hadi juu ya kilima, na pale nikanyoosha mkono na kueleza kwa sauti, kama guide wa kweli: lile ni daraja, likikatika malori yote yanalala. Ile ni antena, bila hiyo mji ni kiziwi. Kule zinashukia ndege za askari, zaidi asubuhi. Mtu nyuma yangu akasema niendelee. Nikaendelea kidogo. Halafu nikageuka.

Askari watatu, na wa nne alikuwa anatoka kwenye mikaratusi akifunga suruali. Kilima kilikuwa position yao. Sikujua. Nani angejua? Hawakuweka kibao.

Walitushusha kambini na kutupeleka kwa commandant, mtu mnene mwenye mafua. Aliuliza nilikuwa namwonyesha mgeni nini. Nikaeleza kwa mpangilio, maana nilikuwa nimeukariri. Commandant alirudia kila neno polepole: pont, antenne, piste, yaani daraja, antena, uwanja wa ndege. Nikasikia kutoka mdomoni mwake kwamba ni kazi ya espion, ya jasusi. Akauliza kwa nini sikumwonyesha kanisa. Nikasema kanisa alishaliona.

Akasema tutapelekwa Beni asubuhi kwa lori. Kila mtu hapa analijua lile lori. Mwalimu jirani yetu alipanda mwaka jana, na mke wake bado anauliza.

Wakatufungia katika stoo ya viazi. Nilikaa juu ya gunia tupu nikimfikiria binti yetu Kahongya, na sura ya mke wa yule mwalimu. Nilitetemeka hadi mgeni akanipa koti lake. Akasema:

“Kwetu, mtu akikuonyesha daraja, unaangalia viatu vyako.”

Nikamuuliza kwa nini hakunionya mapema. Akasema nilikuwa na furaha sana, aliona vibaya kunikatiza.

Saa za mchana zilipita. Halafu nikasikia jeep. Aruna alikuwa ametuona tukishushwa kilimani mikono kichwani, akakimbia sokoni kumwita Kavuo, kisha paroisse kumchukua padri. Tuliitwa nje. Padri alikuwa anaonyesha barua ya mwaliko. Aruna alikuwa amesimama kando, kofia yake mkononi, anaapa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemleta mgeni kwa ajili ya kahawa. Commandant aliwasikiliza bila kuinua macho. Akasema mgeni anaweza kwenda. Akaninyooshea mimi kidole: huyu anabaki, mwenyeji ndiye anayejua njia.

Kavuo, aliyekuja na sufuria yake kutoka sokoni, akaiweka chini. Akasogea mbele ya meza ya commandant.

“Commandant,” akasema, “espion anatumikaka na akili. Uyu iko bwana yangu. Mumuangalie muzuri.”

Commandant akaniangalia. Muda mrefu. Nilijaribu kuonekana mwenye akili, kisha nikakumbuka kwamba nisionekane nayo. Sijui uso wangu ulifanya nini. Commandant akapiga chafya, akafuta pua, akamgeukia mke wangu.

“Mama, beba bwana yako. Mais nikimuona tena kule juu, hapana uliza tena.”

Aruna alituendesha hadi nyumbani. Nilitegemea anitanie, hakunitania. Kavuo alishuka wa kwanza, akaingia ndani na mikono yake ikaanza kutetemeka, sufuria ikaanguka. Alikaa chini pale pale mlangoni.

“Baba Kahongya,” akasema, “nilikuwa nawaza vile nitaambia mutoto.”

Niliokota sufuria, nikaiosha. Niliiosha mara mbili.

Jumanne, 12 Juni

Monsieur Hernán ameondoka kwenda Lubero na Aruna. Njia imetulia, au watu wamechoka kungoja itulie. Alimshika Kavuo mkono kwa mikono yote miwili, akampa mbegu za pilipili za kwao. Kwangu alisema nijitunze. Alilisema neno hilo kwa uzito usiokuwa wa lazima.

Nimekuwa nikifikiri siku mbili nzima, kwa uaminifu. Kavuo ananiangalia nikifikiri na haonekani kufurahi. Mtu aliyeponea pale nilipoponea lazima ajifunze. Nami nimejifunza. Kosa lilikuwa kilima. Kutoka kilimani vinaonekana vitu vingi mno kwa mara moja, na askari wana haki ya kushtuka. Mtalii apelekwe mahali tambarare, aone kitu kimoja tu, kwa karibu.

Leo mchana wamefika masista wawili kutoka Kampala. Wamekwama. Wanakula biskuti. Nimewasalimu, nimejitambulisha.

Nyuma ya kambi kuna kiwanja, na kila asubuhi askari wapya wanafanya mazoezi pale wakiimba. Sauti nzuri ajabu. Ni tambarare kabisa, na ua una tundu kubwa ambalo mtu anaweza kupitisha kichwa. Kavuo bado sijamwambia, asije akaanza kutetemeka bure. Tunaenda kesho. Nimewakumbusha masista wasisahau kamera.