Kabati Moja la Mikanda ya Milimita Nane

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Daktari kasema moyo umechoka. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akatazama dirishani, akanishauri nisianze kusoma kitabu kirefu. Mungu atuepushe na madaktari wacheshi.

Basi sitasoma. Nitaandika, tena ukweli mtupu, maana muda wa kudanganya umekwisha. Kwa miaka thelathini nilikuwa mkaguzi wa shule, nikiwaandika walimu vibaya bila huruma. Sasa zamu yangu.

Ninayo mikanda mia mbili na kumi na moja ya filamu ya milimita nane, ile myembamba kama utepe. Harusi, mechi za mpira, vichekesho visivyo na sauti. Nimeikusanya tangu nikiwa na nywele. Swali ni moja: nikifa itakwenda wapi? Binti yangu, ambaye ndiye anayenitunza, hakunificha. Kasema ananipenda sana, lakini siku ya tatu baada ya mazishi makopo yote yanakwenda jalalani. Nilimshukuru kwa zile siku mbili za kwanza.

Leo tumaini limeingia. Mkutubi wa maktaba ya mji ametangaza kwamba ametenga kabati la chuma, lenye kufuli, kwa ajili ya filamu za zamani. Kabati moja, mkusanyaji mmoja, na jina lake litachorwa mlangoni. Nilisoma tangazo mara tatu. Halafu nikakumbuka kwamba mji huu una wakusanyaji wawili.

Wa pili ni Mzee Dawa, mfamasia mstaafu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Ana mikanda mia na themanini. Namzidi kwa thelathini na moja. Lakini kila kopo lake lina lebo iliyonyooka kama ya chupa ya dawa ya kikohozi. Yangu mimi nayajua kwa kuyatikisa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango umekamilika. Nimemwalika mkutubi aje kutazama onyesho hapa sebuleni keshokutwa mchana. Bado watazamaji. Onyesho bila watazamaji ni mzee anayecheza na taa gizani.

Nilimtuma binti kwa jirani yetu, fundi cherehani. Akaja mwenyewe mlangoni, akakubali, ila akauliza kama kutakuwa na chai. Nimempa kazi moja tu: kila nikikohoa, agune kwa mshangao, kama mtu aliyeona jambo kubwa. Alifanya mazoezi hapo hapo mlangoni. Ana kipaji.

Binti kaniuliza kama siku zangu za mwisho sina shughuli nyingine. Nimemwambia shughuli ni hii.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Aibu.

Mapazia yalifungwa. Mkutubi alikuja na daftari lake, msichana mpole, wa kupendeza kuliko kazi yenyewe. Kabla sijawasha projekta nilipaliwa na maji ya dawa, nikakohoa. Fundi akaguna. Nikakohoa tena kumwonyesha kwamba bado. Akaguna kwa nguvu zaidi, akishika kichwa. Ukuta ulikuwa mweupe, hauna hata nukta. Mkutubi akaandika kitu.

Hatimaye harusi ya mjomba ikatokea ukutani. Ilikwenda vizuri mpaka kwenye kulishana keki. Hapo mkanda ukakwama mbele ya balbu, na moto wa balbu hauna subira. Mjomba alianza kutokota puani. Shimo likatanuka, likammaliza yeye, likammaliza bi harusi, likala na keki. Fundi hakuguna. Alikuwa ameshikwa na mshangao wa kweli.

Mkutubi akauliza, kwa adabu, ni nani atakayetazama filamu hizi baada ya miaka hamsini. Nikamwambia umati. Nikamweleza kwamba watu watachoka na picha za kwenye simu zisizoshikika, nao watarudi kupiga foleni mbele ya projekta. Akasema mwaka jana ni mtu mmoja tu aliyeulizia filamu za zamani, mama mmoja aliyetaka kopo tupu la kuwekea vifungo. Nikamwambia mapenzi huanza hivyo hivyo.

Akafafanua kwamba maktaba inataka mikanda yenye afya, iingizwe kwanza kwenye kompyuta, kisha yenyewe ilazwe kabatini. Kompyuta! Nikameza hasira. Ndipo akainua pua. Akauliza kama kuna siki jikoni.

Hapa ndipo ungamo langu linapoanza. Filamu ya aina hii ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na mvuke wake huambukiza mikanda iliyo jirani. Kila mkusanyaji anaijua sheria: mkanda mgonjwa unatengwa, na wenzako unawaambia. Miaka kumi na miwili iliyopita niligundua mmoja wangu unanuka. Wakati huo Mzee Dawa alikuwa amenizidi mikanda minne. Niliufunga kwenye karatasi ya zawadi, nikampelekea siku alipostaafu. Yeye, kwa furaha, akauweka katikati ya kabati lake.

Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaacha mbegu kwangu. Mkutubi ameyakuta makopo sita.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimebadili mbinu. Nitaungama kwa Mzee Dawa. Hakuna binadamu anayeweza kuungamiwa na mtu anayekufa, kisha akamnyang'anya kabati. Nilimwomba binti anipake poda kidogo nionekane mgonjwa. Akanitazama, akasema haitahitajika.

Mzee Dawa alifika saa nne na fimbo yake. Akasema amesikia nataka kuwakimbia. Nikamjibu nataka, ila kuna neno kwanza. Nikamwambia yote: mkanda, karatasi ya zawadi, ile mikanda minne.

Alikoroga chai muda mrefu. Haikuwa na sukari.

Akasema mikanda yake thelathini na tatu ilioza. Lawama akamtupia mkewe, shemeji yangu, Mungu amrehemu, kwa sababu alipenda kutia siki kwenye kabichi. Alidhani mvuke unatoka jikoni. Akaipiga marufuku chupa ya siki nyumbani. Shemeji akaapa hajawahi hata kuisogeza karibu na kabati, naye hakumwamini. "Miaka miwili, Mkaguzi, tulikula kabichi kavu tumenuniana. Halafu akafa."

Katika mikanda iliyooza, mmoja ndio pekee uliokuwa na shemeji akiwa hai. Nikasema, kwa ujinga, kwamba picha zake si anazo.

"Ninazo," akasema. "Picha haitembei."

Nilisubiri anipige kwa fimbo. Aliuliza tu ile kadi ya zawadi niliiandika nini, maana ilimpotea. Nikamwambia: Kwa rafiki, udumu. Akacheka mpaka akafuta macho, na sijui alikuwa anafuta nini hasa. Kisha akasema tumwombe mkutubi aweke majina mawili. Tuingie wote kwenye kabati moja, tubanane humo. Akataja sharti lake: makopo yangu sita yabaki nje.

Nililia. Bila poda.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mkutubi amekubali. Mchoraji wa vibao atafika maktaba Jumatano.

Tangu jana mimi na binti tunanusa makopo. Yeye anafungua, mimi nanusa, kisha anapitisha mkanda kwenye kitazamio cha mkono tujue kuna nini, aandike lebo. Kaandika lebo mia na arobaini. Kasema hajui kwa nini anafanya hivi, huku anaandika.

Alasiri akaniita nitazame. Mashindano ya baiskeli, niliyapiga mwenyewe ujanani. Mwendeshaji mmoja anaanguka. Nyuma yake msichana mwenye mwavuli anavuka barabara, anageuka, anacheka, anakuja moja kwa moja kwenye kamera, anapita. Sekunde kumi na moja.

Shemeji. Anatembea.

Binti alikuwa ameshavaa viatu. "Baba, nipe nimpelekee sasa hivi." Nikamwambia angoje kidogo, nimechoka. Si uongo. Nilikuwa nimechoka.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mzee Dawa ameleta karatasi ya maandishi ya mlango wa kabati, nione kama nina neno. Jina lake juu, langu chini. Anasema ni mpangilio wa alfabeti.

Alfabeti! Nina mikanda mia mbili na mitano yenye afya, naye mia na themanini. Tangu lini hesabu ikapitwa na alfabeti?

Nimemwandikia barua fupi, ya kistaarabu. Kwamba nimepata kitu ambacho atafurahi kukiona kikitembea. Kwamba atakabidhiwa mara tu jina langu litakapokuwa juu, tena herufi zizidi zake kwa unene wa kidole. Kimoja tu. Binti amekataa kuipeleka. Amesema yule ni mke wa mtu, si kura ya kamati. Hajaniletea chai tangu asubuhi. Nimempa fundi cherehani aipeleke.

Mchoraji anakuja Jumatano, na rangi ya mafuta huchukua siku mbili kukauka. Mkanda nimeuweka chini ya mto. Daktari alipita mchana, akasikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda. Akasema kama kuna jambo nataka kulimaliza na mtu, nilimalize leo.

Nimemwambia leo haiwezekani. Kwanza rangi ikauke.