Droni Yangu na Shemeji Aliyepotea Kweli

Jumatatu, 3 Februari

Nimepata wazo! Kubwa kuliko yote niliyowahi kupata, na nimewahi kupata mengi.

Juzi nilikuwa Lizaboni, narusha droni juu ya harusi. Bibi harusi anakata keki, mara mjomba wake haonekani. Ukumbi mzima unamtafuta! Nikatupia jicho skrini yangu. Huyo hapo, nyuma ya tangi la maji, kalala chali, kichwa kakiegemeza kwenye kiatu kimoja kama mto. Nikamtangaza kwenye kipaza sauti. Vigelegele nilivyopigiwa, bibi harusi mwenyewe hakuvipata.

Tangu hapo sijalala vizuri kwa furaha. Kuanzia leo mimi si Pankrasi mpiga picha za harusi. Mimi ni Pankrasi, Mkurugenzi wa Huduma ya Utafutaji na Uokoaji kwa Droni, Songea na Vitongoji Vyake. Jina refu, lakini uokoaji ni jambo zito.

Odilia, mke wangu, kauliza nani amepotea. Nikamwambia kwa sasa hakuna. Akasema basi nikaokoe nguo kwenye kamba, mvua hiyo inakuja.

Hana maono kabisa.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa mtendaji wa mtaa wetu, Bi Sabra. Mama wa Tunduru, mpole wa sauti, mgumu wa kila kitu kingine. Nilimweleza mpango wangu kwa mikono miwili. Watoto wanaopotea kwenye misitu! Wazee wanaokwenda kuchuma uyoga wasirudi! Wote nitawaona kutoka juu!

Akasikiliza hadi mwisho. Mashallah, akasema, jambo jema. Ila yeye hawezi kumpigia debe mtu kwa maneno matupu. Aone kwanza.

Na nani alikuwa amekaa kwenye benchi pale, miguu kaikunja kama sultani? Bakili! Bakili wa studio iliyotazamana na yangu, aliyeninyang'anya harusi za Bombambili zote. Na yeye ana droni. Ya kwake, anadai, ina kamera inayoona joto la mwili wa mtu hata akiwa chini ya majani. Nikamwambia joto la mwili linapimwa hospitali. Alicheka sana. Sikupenda alivyocheka.

Bi Sabra kasema atakuja Alhamisi asubuhi chini ya mlima Matogoro, na vijana wa ulinzi shirikishi, wanione kazini.

Ushindi! Kilichobaki ni kitu kidogo tu. Sina mtu aliyepotea.

Jumatano, 5 Februari

Nimempata! Anord, shemeji yangu, mdogo wake Odilia. Anakaa kwetu tangu Krismasi na hana haraka. Sifa yake kubwa ni kwamba ukimwahidi kuku hakuulizi maswali.

Mpango ni huu. Kesho alfajiri Anord anapanda Matogoro, anakaa juu ya jiwe kubwa lililo juu kupita msitu wa misindano, kavaa fulana nyekundu. Mimi napata "taarifa" kwamba kuna mtu kapotea. Narusha droni. Namwona. Watu wanapiga makofi. Bakili anahamia Njombe.

Odilia hajui. Uokoaji una siri zake.

Mchana nimeifungia droni spika ndogo, nimerekodi sauti yangu nzito: "Usiogope, ndugu. Umeonekana. Kaa hapo hapo." Maneno matamu, hata mimi yalinitoa machozi. Nikaenda kuijaribu juu ya mashamba ya mahindi. Bahati mbaya Bibi Biasha, jirani yetu, alikuwa anavunja mahindi mabichi kwenye shamba lisilo lake. Akasikia sauti kutoka mbinguni inamwambia ameonekana! Akatupa mahindi yote, akapiga magoti, akaanza kuungama hilo na mambo mengine ambayo sikuwa nimeyauliza.

Nilimfuata, nikampa shikamoo, nikajaribu kumweleza. Kasema mimi ni mtoto wa laana. Lakini spika inafanya kazi!

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi mambo yalianza vizuri. Bi Sabra kafika. Vijana wamefika. Bakili naye kafika, bila kualikwa, na miwani ya jua wakati jua halipo.

Nikatangaza kwa huzuni kwamba kuna mtu kapotea mlimani. Nikairusha. Ilipaa kama malaika! Ikafika kwenye jiwe.

Jiwe tupu.

Nikazunguka jiwe. Nikazunguka tena. Nikabonyeza spika kwa bahati mbaya, ikakwama, ikawa inarudia mlima mzima: umeonekana, umeonekana, kaa hapo hapo. Bi Sabra akauliza kwa upole, ameonekana nani? Nikasema hiyo ni saikolojia ya uokoaji. Nilikuwa nimeifungia pia mfuko wa maandazi ya kumdondoshea mhanga. Ulidondoka wakati droni inarudi, juu ya miwani ya Bakili. Hilo silijutii.

Wakaondoka. Nikampigia Anord simu. Haipatikani. Nikasema labda kakata tamaa, karudi nyumbani. Hakurudi. Saa za chakula cha mchana zikapita, na Anord hajawahi kukosa chakula cha mchana.

Wazo la kwanza lililonijia, naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: jamani, nimepata mtu aliyepotea kweli! La pili lilikuja nyuma yake taratibu: aliyempeleka huko ni mimi. Mvua ilikuwa imeanza.

Nilikwenda na baadhi ya vijana, tukaita hadi sauti zikakauka. Hakuna. Ikabidi nimwambie Odilia. Nilijiandaa kupigiwa kelele. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akashika fulana ya Anord iliyokuwa haijafuliwa, akaniita kwa jina la mwanetu, akasema tu, "Baba Dionis, kamlete mdogo wangu."

Heri angenipiga.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya ajabu!

Kulipokucha mtaa mzima ulikuwa Matogoro. Bi Sabra kavaa buti, kagawa watu kushoto na kulia, hakunitazama. Bakili alikuja na droni yake. Nilitaka kumwambia hatujamwita. Nikamwangalia Odilia, nikampisha. Tukagawana mlima: Bakili upande wa mto, mimi upande wa mabonde.

Nikarusha, nikawasha spika. Umeonekana, kaa hapo hapo! Ghafla mwewe! Kaishukia droni yangu kama kaona kifaranga. Ikayumba, ikapiga kichwa chini, ikazama kwenye miti. Nikapiga ukelele, nikaikimbilia. Ukweli ni kwamba dakika ile sikuwa namkimbilia Anord. Nilikuwa naikimbilia droni.

Nyasi zimelowa. Nikateleza. Nikashuka korongo kwa makalio, nikipitia kila mwiba aliouumba Mungu, nikatua kwenye tope.

Pembeni yangu, Anord. Kajikunyata chini ya mizizi, kalowa chapachapa, kifundo cha mguu kimevimba kama papai. Droni yangu inaning'inia kwenye tawi juu ya kichwa chake, bado inaongea.

"Shemeji," akasema, meno yanagongana, "umechelewa."

Nilimkumbatia. Nililia, ndiyo. Siafu walimfukuza kwenye jiwe, akakimbia, akaanguka humu, simu ikazama kwenye maji. Nikamuuliza, sasa mbona hukupiga kelele? Tuliita jana hadi jioni!

"Si ulisema nimeonekana?" akasema. "Ulisema nikae hapo hapo. Nilikuwa nimepiga kelele sana mpaka nilipokusikia. Nikaona ya nini tena kujichosha? Nikalala. Nilipoamka ilikuwa mvua tupu, hakuna wa kunisikia."

Nilimvua fulana iliyolowa, nikamvisha koti langu. Alikuwa baridi kama samaki. Nikamfikicha mikono, nikamsimulia kuku nitakayemchinjia, viungo vyake, mchuzi wake, ili asilale tena. Nilijaribu kupanda korongo, nikarudi chini na tope jipya.

Ndipo tukasikia mvumo. Droni ya Bakili! Imesimama juu yetu, imetulia. Siipendi droni ile. Nilivua shati nikaipungia kama mwendawazimu.

Bakili mwenyewe alishuka kwa kamba, akambeba Anord mgongoni. Njiani akaniambia kwenye skrini alituona kama madoa mawili ya moto, moja jembamba, moja nene. Kwa heshima hakucheka mpaka Anord alipoingizwa kwenye gari. Kisha alicheka mpaka akakaa chini.

Odilia alimshika mdogo wake uso kwa mikono miwili. Alipomaliza kumshika, akaja akanipiga kwa kanga. Nilifurahi sana.

Jumamosi, 8 Februari

Anord yuko hospitali, kafungwa plasta, anakula. Manesi wanamwonea huruma, anapata uji mara mbili. Odilia kampelekea kuku mzima. Mimi nililetewa harufu.

Video yangu ya kupunga shati iko kwenye simu ya kila mtu. Hata kondakta wa basi la Namtumbo kaniuliza kama nimeonekana.

Jumapili, 9 Februari

Bi Sabra kaja nyumbani. Nikiri, alikuwa na haki ya kusema zaidi ya aliyosema. Kasema mtu akipotea siku nyingine watampigia Bakili, na mimi nirudi kwenye keki. Pia nisimfiche mtu mlimani tena. Nikamwapia mbele ya Odilia kwamba sitamficha mtu mlimani tena.

Baada ya hapo nilikaa peke yangu, nikatafakari kwa makini nini kiliharibika. Droni haikukosea, ilianguka juu ya Anord mwenyewe! Spika haikukosea, ilimtuliza mhanga. Kosa lilikuwa moja tu, na nashangaa sikuliona mapema. Mtu mmoja ni mdogo mno kuonekana kutoka juu.

Nimezungumza na kwaya ya kanisa letu la kigangoni. Wamekubali kwa furaha, wote, na sare zao za njano. Jumamosi ijayo nawapeleka bondeni, si mlimani. Nimewaambia ni pikiniki.