Picha za Korosho Zilizogoma Kufunguka

Ni redio ya Hemedi Mbiu iliyowasha moto kijiweni Magomeni alasiri ile. Mtangazaji kasema siku hizi wanunuzi wa korosho wanazisaka mtandaoni, na asiyeonekana huko asahau soko.

"Mimi nimo, tena zamani!" Kassimu akajipiga kifua. Kijiweni humwita Daraja la Kwanza, maana hajawahi kukiri kuwa korosho zake ziliwahi kupata daraja la pili.

"Umo wapi?" Hemedi akamwonyesha simu. "Tovuti yako nimeifungua tangu kikombe cha kwanza cha kahawa, sasa nipo cha tatu. Kiduara kinazunguka tu! Bando limekata, hata ganda la korosho sijaliona!"

Wakacheka. Kassimu naye akacheka, ila moyoni hana raha hata chembe. Jesca, mnunuzi wa hoteli moja ya Dodoma, alimpigia asubuhi kulalamika kuwa picha hazifunguki. Asipoziona hadi saa kumi na moja, oda anampa mtu wa Lindi.

"Kila picha ina megabaiti ngapi, mzee?" akauliza Fredi Kontena, karani wa bandarini.

"Kumi na mbili! Nilimkataza mpiga picha asipunguze kitu. Korosho kubwa ndiyo yenye bei, bwana."

"Hiyo sheria ya ghalani! Mtandaoni picha nzito ni mzigo tu. Nipe simu nizipunguze." Fredi akaanza kubonyeza, mara akaguna. "Mbona zote umeziita Kassimu? Kassimu moja, Kassimu mbili, mpaka tisa!"

"Kwani gunia haliandikwi jina la mwenyewe?"

"Google haina macho, mzee, inasoma maandishi. Nani Dodoma anaamka kumtafuta Kassimu?"

"Hata Magomeni hatumtafuti," Hemedi akadakia. "Anakuja mwenyewe!"

"Nitajie kila picha inaonyesha nini, niandike chini yake," Fredi akasema. "Hii?"

"Mke wangu Hadija anabangua."

"Hii yenye moshi?"

"Hadija anakaanga."

"Na hii?"

"Hadija huyohuyo. Anafungasha."

"Wewe uko kwenye ipi?"

Kassimu akakohoa. "Mimi nilikuwa namsimamia mpiga picha."

Hemedi alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzuni. Dakika kumi baadaye Fredi alifungua tovuti, picha zote tisa zikaja kabla Kassimu hajapepesa macho. Alifurahi, nusura amkumbatie. Haukupita muda, Jesca akapiga. Kassimu akaweka spika makusudi, kijiwe kizima kisikie.

"Nimeziona, mzee, na maelezo nimesoma yote. Kazi safi! Oda nawapa nyinyi."

Kassimu akasimama, kifua mbele.

"Sasa naomba namba ya Hadija, nipange na mwenye kazi. Na wewe, mzee, samahani, unahusika na nini pale?"

Kassimu akahangaika kuizima spika, lakini wapi, watu walishaanza kugaragara. Akamsogelea Fredi, akamnong'oneza:

"Mwanangu, hebu zirudishie uzito wake."