Wakwe Zangu Waliombea Chakula Mlangoni mwa Choo

Leo nimeaibika mpaka nikaona giza.

Mzee Barasa, baba wa kijana anayetaka kumuoa Mercy wangu, ameketi kwenye benchi ya choo cha kulipia pale Mashimoni. Suti nyeusi. Kofia kwa goti. Mkononi ameshika karatasi ya chooni, ameikunja vizuri kama barua. Ananiona nikifika mbio na aproni, ananiuliza kwa upole:

"Mama, chakula ni ndani, ama mnatuletea hapa nje?"

Jameni. (Msicheke bado. Hata sijaanza.)

Mnajua hoteli yangu, Jiko la Nafula, ilianzia Mashimoni. Chapati, matumbo, maharagwe. Nimelea watoto hapo. Halafu asubuhi moja tingatinga likaja. Niliokoa sufuria mbili na mwiko. Nikaenda mtaa jirani wa Lindi, moto ukanitoa. Nikahamia Kawangware, kituo cha 56, nyuma ya duka la hadiwea, nikaanza upya. Tingatinga halikuniliza. Moto haukuniliza. Leo nimelia mbele ya choo.

Sasa mwenye makosa nitamtaja. Ni Evans, yule wa saiba, duka la kompyuta pale Mashimoni. Ndiye aliyeniweka kwa mtandao. Alipiga chapati zangu picha, akaandika jina, akaonyesha mahali kwa ramani. Namba ya simu akaweka yake. ("Mathe, yako inazimika zimika, wateja wakipiga nitakuambia.") Paswadi akakaa nayo. Nilipohama nikamwambia, Evans, toa hiyo kitu Mashimoni uipeleke Kawangware. Akasema, "Sawa mathe, ni dakika mbili tu." Kila nikikutana naye ni dakika mbili. Mpaka leo.

Mimi shule niliachia darasa la tano. Yale maandishi madogo ya simu hata siyafuati. Lakini nyota naziona! Kila nikifungua ule ukurasa wa Evans nakuta zimeongezeka. Zikafika nne na nusu. Nikamwambia fundi azichore kwa bango langu, rangi ya manjano. Nikajiambia, Nafula, umepoteza kila kitu lakini watu bado wanakumbuka mkono wako.

Basi leo wazee watatu na shangazi mmoja wametoka Bungoma na basi, kuja kuongea maneno ya Mercy. Kijana mwenyewe hakuja, kwetu hayo ni ya wazee. Boma la kuwapokea kule nyumbani sina tangu mzee wangu afariki. Ndiyo nikasema waje hapa ninapofanyia kazi, waone msichana ametoka kwa mtu. Nikachinja jogoo. Nikasonga ugali wa wimbi. Nikaazima kitambaa cha meza kwa mama mchungaji.

Mercy akawaambia watafute Jiko la Nafula kwa simu. Yeye alikuwa anafikiria ukurasa mpya, ule alioufungua mwenyewe, umeandikwa Kawangware. Shangazi akapata ule wa Evans. Jina ni moja, mmoja unasema huku, mwingine unasema kule.

Ramani ikawashusha mbele ya nyumba mpya, vigae vyeupe, ukutani KITUO CHA USAFI. Wakapiga ile namba. Evans akashika! Shangazi amenieleza mwenyewe: "Akaniuliza mnaona nini, nikasema vigae vyeupe. Akasema, mko hapo hapo, ingieni tu."

Mlangoni hukaa Otieno, ndiye anapokea pesa. Mzee Barasa akamuuliza, "Kwa Nafula ni hapa?"

"Ni hapa, mzee. Kumi kila mtu."

Wakalipa. (Walidhani ndio utaratibu wa Nairobi.) Otieno akampa kila mtu karatasi yake. Wakadhani ni ya kupangusa mdomo. Wakanawa mikono kwa mfereji, wakapanga laini kwa benchi. Mzee Wekesa, ndugu yake Barasa, akavua kofia, akaombea chakula. Kwa sauti! Watu wanaingia, watu wanatoka, yeye anabariki mikono iliyokitayarisha.

Walipochoka ndipo shangazi akampigia Mercy: "Tumenawa, tumeomba, mbona hakuna mtu anapakua?" Nikapanda boda na aproni yangu.

Mengine mmeyasikia. Nilimrukia Otieno.

"Kwa nini unaambia watu hapa ni kwangu?"

"Mama, sikusema ni kwako. Nimesema ni kwa Nafula. Watu wote huku hupaita hivyo. Mtu akibanwa anasema, wacha niende kwa Nafula."

"Tangu lini?"

"Tangu kifunguliwe. Si hoteli yako ilikuwa hapa? Sisi tulidhani ni heshima."

Hapo hapo akapita kijana mmoja na ndoo. "Niaje Otii! Kwa Nafula kuna maji leo?"

Mzee Wekesa akaangalia karatasi yake. Akaangalia mlango. Akaweka ile karatasi chini polepole sana.

Lakini shangazi alikuwa bado hajamaliza. Akavaa miwani, akafungua simu, akasoma kama anasoma waraka kanisani, chini ya picha ya chapati zangu:

"'Nilifika nimebanwa, nikatoka mwepesi. Nyota tano.' 'Ni pasafi lakini Jumatatu hakuna maji.' 'Ukienda mapema hakuna harufu.'" Akavua miwani. "Mercy alituambia mama yake ana nyota nne na nusu. Ni hizi?"

Ni hizo. Zote. Nimechora nyota za choo kwa bango langu.

Nikawasihi twende 56, jogoo ameiva. Mzee Barasa akakataa kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo inauma. "Mama, hatujakasirika. Lakini tulikuja kuona kwao msichana, tukaonyeshwa hapa. Wacha turudi tuulizane." Wakaenda. Hawakuonja hata maji yangu. Mercy amelala akiangalia ukuta. Jogoo yuko mezani, kitambaa cha mama mchungaji juu yake.

Jioni dada ya Mercy akafungua simu akanisomea maoni mapya kwa ule ukurasa. Nyota moja: "Tulingoja chakula, hakikuja." Jina hakuna, lakini sauti naijua. Na katika maneno yote yaliyo pale, hayo peke yake ndiyo yanahusu hoteli.

Sasa Evans. Nakupigia tangu mchana hushiki. Ya wakwe zangu ulishika! Dakika mbili sitaki tena. Nataka upande basi uende Bungoma, uketi mbele ya Mzee Barasa, umwambie kwa mdomo wako ni nani alimwambia "ingieni tu". Unaenda lini? Nijibu hapa hapa chini, kila mtu akiona.