Fimbo ya Reli ya Kilvarna

Jumatatu, 12 Agosti
Bi Attracta Gaughan, mwenyekiti wa Chama cha Reli ya Zamani, ameniita ofisini kwake. Nikajua nafukuzwa. Kumbe habari njema: kazi ya karani itakuwa ya kudumu! Kamati itaamua Jumapili, baada ya treni yetu kumpeleka afisa wa urithi wa kaunti hadi kituo cha pili, Drumgorey. Nikashukuru mpaka nikagonga mlango kwa kisogo. Ndipo akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Ultan Creaney naye ameiomba.

Ultan! Amekuja juzijuzi tu, anapaka rangi mabehewa huku akipiga mluzi. Mimi ndiye ninayeandika jarida la chama: mnara wa maji uliokarabatiwa, bomba la moshi la kiwanda cha kitani, kila nukta mahali pake. Lakini Ultan akizungumza watu wanacheka. Mimi nikizungumza wanatazama saa.

Jumanne, 13 Agosti
Nimepata wazo! Njia yetu ya reli ni moja, na dereva haruhusiwi kuondoka kituoni bila fimbo ya njia mkononi. Fimbo yenyewe ni moja tu: mti wa mwaloni, pete ya shaba, majina ya vituo viwili. Aliye nayo ndiye mwenye njia. Sheria hiyo ilizuia treni kugongana zamani, na dereva wetu Malachy Devenney bado anaishika fimbo ile kama padri anavyoshika kikombe cha misa.

Basi Jumapili fimbo itapotea. Taharuki! Ultan, mwenye zamu ya kumkabidhi dereva, ataonekana mzembe. Mimi nitaingia, mtulivu, niione. Makofi. Kazi.

Nimenawa mikono, ingawa sijagusa kitu bado.

Alhamisi, 15 Agosti
Sikukuu ya Kupalizwa. Misani nimeshindwa kusali. Kila nikifumba macho naona pete ya shaba. Nikaanza kufikiri niache.

Halafu baada ya misa Ultan kanigawia mkate wa mama yake, mbele ya watu wote. Kaniuliza mbona nimepauka hivi, karani bwana, au naogopa treni? Kasema nisijali, Jumapili atanishika mkono. Hata Padri alicheka. Mkate ulikuwa mtamu. Siachi.

Jumamosi, 17 Agosti
Mahali pa kuficha! Kwenye makaa, itachafuka. Kwenye pipa la miavuli, kesho mvua itanyesha na kila mtu atachokoachokoa. Nimechagua sanduku refu la vitambaa vya meza, chini ya kaunta ya Dympna Scally, mama wa chai wa mgahawa wa kituo. Tangu nifike hapa sijaona sanduku lile likisogea.

Jumapili, 18 Agosti
Nitaandika yote.

Asubuhi nimeificha. Hakuna aliyeniona. Mvua. Wageni wamejaa jukwaani, afisa wa kaunti katikati na koti lake jipya. Injini inatoa mvuke. Malachy kanyoosha mkono nje ya dirisha, akadai fimbo. Ultan kaenda chumba cha ishara, karudi mwekundu kama bendera ya kusimamisha treni. Hakuna!

Malachy kafunga mvuke. Hakuna fimbo, hakuna treni. Mgeni mmoja akauliza tutagongana na nini, maana injini ni moja tu kaunti nzima, na ni hii hapa. Malachy kamjibu kwamba hata marehemu baba yake, dereva kama yeye, hakuwahi kugongana na kitu, na sababu ni fimbo hiyo. Bi Attracta akapendekeza mpini wa ufagio, kwa leo tu. Malachy kamtazama kama mtu aliyependekeza mtoto abatizwe kwa soda.

Saa yangu imefika! Nikaingia mgahawani, mtulivu. Nikainama chini ya kaunta.

Sanduku halipo.

Wala Dympna hayupo. Mpishi akanieleza kwamba afisa atakunywa chai Drumgorey, kwa hiyo Dympna ametangulia kwa gari na sandwichi za mayai, keki, na vitambaa vya meza. Nikatoka mbio.

Baiskeli! Si yangu, ya Padri. Kilima, matope, ng'ombe barabarani. Kule Drumgorey Dympna akanikuta nikifukua vitambaa vyake, akaniuliza kama nyumbani hatuna meza. Nikarudi na fimbo mgongoni kama mshale.

Niliporudi, wageni walikuwa wanacheka. Ultan alikuwa amechukua mwavuli akaufanya fimbo ya njia: mwenye nao ndiye anayeruhusiwa kutembea jukwaani. Afisa wa kaunti alikuwa nao, anapuliza moshi wa uongo mdomoni. Anasema hajawahi kuona sheria ya zamani ikiheshimiwa namna hii.

Nikainua fimbo juu. Sikusikia kofi hata moja. Malachy kaipokea, kaifuta kwa mkono wa shati, kaniuliza ilikuwa wapi. Nikasema Drumgorey, kwenye sanduku la vitambaa. Akaniuliza, polepole: “Na nani alikwambia ukatafute Drumgorey, mwanangu?”

Nikafungua mdomo. Nikasema nilihisi tu.

Wote wakanigeukia. Kisha Ultan akawaambia waniache, jamani, si mnaona amelowa? Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jumatatu, 19 Agosti
Kazi amepewa Ultan. Bi Attracta ameniambia mwenyewe, akanimiminia chai kwanza. Amesema hataniuliza lolote, na ananiomba nisimwambie lolote. Mwisho wa mwezi naondoka.

Nimetafakari siku nzima, kwa uaminifu, na nimeliona kosa langu. Kosa lilikuwa sanduku. Lina vishikio! Kitu chenye vishikio lazima kitabebwa.

Nasikia watu wa kinu cha maji, kule Lisgarvey, wanatafuta karani. Kuna binti anayeiomba kazi hiyo, ameshawazoea, wanampenda sana. Jumamosi watazungusha gurudumu mbele ya waandishi wa habari, na mlango wa kuachia maji gurudumuni unafunguliwa kwa ufunguo mmoja wa chuma unaoning'inia kwenye msumari, hivihivi, bila mlinzi. Nimepita kuuangalia. Uani wana kisima, kizuri, kirefu mno. Kisima hakiendi popote.