Mkutano wa Njia Panda ya Mukuyuni

Jumatatu, 3 Septemba 1951
Mimi, Abubakar Shee, fundi cherehani, nitawafundisha watu wa Mukuyuni kuvuka barabara! Chifu Ndeti ametangaza leo: Bwana D.O., afisa wa serikali wa wilaya, anatafuta mtu wa kuwaonya watu kuhusu malori hapa njia panda. Atakayechaguliwa atapewa koti la khaki lenye vifungo vya shaba. Wazee wakasema papo hapo, kazi hiyo ni ya Kisilu. Kisilu! Mziba pancha!

Jumanne, 4 Septemba
Ni kweli, mwaka jana lori lililoteremka kutoka Mbooni lilimuua mkewe, Mumbua, akiwa na mzigo wa maharagwe mgongoni. Tangu hapo, kila Alhamisi ya soko, Kisilu hufunga kibanda chake cha baiskeli pale pembeni mwa njia panda, hushika leso nyekundu ya marehemu na kusimamisha malori mpaka akina mama wavuke. Hasemi neno. Sasa huko ni kuonya? Kuonya ni maneno. Ninayo tele.

Jumatano, 5 Septemba
Mpango umeiva. Kesho nitapiga debe, soko zima likusanyike, nihutubie. Wapi? Katikati ya njia panda, watu waione hatari kwa macho yao!
Mke wangu Hasina aliacha kuchambua mchele. Akaniuliza, "Baba Tima, utawasimamisha watu barabarani ili uwaambie wasisimame barabarani?" Nikamjibu hiyo ni elimu. Akaurudia mchele wake.
Tatizo ni Kisilu. Akiwapo, nani atanitazama mimi? Nimechukua baiskeli aliyoniachia binamu yangu, nikatoboa matairi yote mawili kwa sindano. Nikampelekea Kisilu, nikamwambia ni ya mgeni wa chifu, inatakiwa kesho saa sita. Akauliza nani atasimama njia panda. Nikasema mimi. Alinitazama sana. Kisha akanishukuru! Akanikabidhi leso kwa mikono miwili. Nimeikunja, nikaitia mfukoni.

Alhamisi, 6 Septemba
Walikuja wengi. Bibi Nzilani, muuza vyungu, alikaa mbele kabisa kwa sababu hasikii vizuri. Nilikuwa nimefika kwenye "macho kulia, macho kushoto." Watu wakacheka, wakapiga makofi.
Lori likatokea kwenye kona ya Mbooni. Breki zikalia. Wote wakatawanyika, isipokuwa Nzilani, magoti yake hayamnyanyui upesi. Leso ilikuwa mfukoni mwangu. Mkono wangu ulishika debe. Sikuliachilia. Sijui kwa nini.
Kisilu alitoka kibandani mbio, mikono myeusi kwa grisi. Akamsukuma Nzilani kando. Lori likampata yeye.
Walimpakia kwenye lori lilelile wampeleke hospitali Machakos. Alikata roho njiani.

Ijumaa, 7 Septemba
Sikushona. Nilikwenda kibandani kwake. Baiskeli imegeuzwa, magurudumu juu. Matairi yamezibwa yote mawili. Amesafisha hata spoki. Kisilu alikuwa amewaambia majirani ni ya mgeni wa chifu. Chifu Ndeti akauliza mbele ya watu, hii ni ya mgeni wangu yupi? Watu wakatazamana. Mimi nilikuwepo.
Nzilani alinishika mkono. "Mwanangu," akasema, "ameniachia siku zake. Mimi mzee hivi, nitazifanyia nini?" Nilitaka kumwambia yote. Nikamwambia pole.

Jumamosi, 8 Septemba
Tumemzika kando ya Mumbua. Udongo mkavu, majembe yaligonga mawe. Niliporudi, Hasina alikuwa anafua kanzu yangu. Akatoa leso mfukoni, akaniuliza imefikaje humo. Nikamweleza kila kitu, hata sindano. Hakunigombeza. Aliifua leso peke yake, akaianika, akaenda kukaa na Tima nyuma ya nyumba. Ningeona nafuu kama angepiga kelele.

Jumatatu, 10 Septemba
Bwana D.O. alikuja. Akauliza nani atashika kazi ya njia panda. Nikainua mkono. Wazee wakatazama chini. Kisha Nzilani akasimama, polepole, akasema atasimama pale mpaka afe. Akavishwa koti, likamfika kwenye vifundo vya miguu. Hakuna aliyecheka. Wameniletea mimi nilipunguze.
Nimelia nikilishona. Kisilu alikuwa mtu mwema, na sikumwambia hata mara moja. Lazima nifanye jambo kwa heshima yake. Jambo kubwa!
Mara wazo likanijia. Kathonzweni kuna wacheza ngoma hodari, wale wanaoruka na kupinduka hewani. Nitawaalika Alhamisi, soko likijaa. Watu watatoka hata Mbooni. Nimefikiria uwanja wa shule, lakini una mashimo, mtu anaweza kuvunjika mguu. Njia panda ni tambarare.